Mjukuu wangu analilia watu waliokufa zaidi ya miaka 1,300 iliyopita, nifanyeje?

Swali:

"Dokta habari za kazi. Mie ni bibi wa miaka 61, nipo Tanga, Msuni wa kuzaliwa. Binti yangu kaolewa Dar na kijana wa Kishia, sio Mhindi, ni Mdigo mwenzetu kabisa, aliingia Ushia alipokuwa sekondari. Muharram iliyopita nilikuwa kwao, mjukuu wangu wa miaka saba akawa anapelekwa kila usiku kwenye majlisi zao, vile vikao vyao vya kuomboleza. Siku moja karudi macho yamevimba, nikampa maji akakataa, ananiambia bibi mtoto mchanga alinyimwa maji halafu wakampiga mshale wa shingo. Nilishikwa na hasira sana. Hivi mtoto mdogo analizwa kwa ajili ya watu wa zamani hizo kwa faida gani? Naskia wengine wanajikata visu, naskia pia wanafundishwa kutuchukia sisi. Na mbona siku hiyo sisi tunafunga wao wanalia? Nimzuie au ninyamaze? Mkwe wangu ni mtu mzuri, sitaki ugomvi."

Jibu:

Shikamoo mama. Nimelisoma swali lako zaidi ya mara moja na naona ndani yake yapo mambo mawili, moja umelisema na moja umeliacha. Ulilosema ni macho ya mjukuu yaliyovimba, na hapo una haki kabisa, bibi gani atamwona mtoto anakataa maji usiku akatulia? Ambalo hukulisema, na nisamehe kama nakosea, ni ile hofu kwamba huyu mtoto anageuka kuwa wa watu wengine, kwamba siku utakayokufa wewe atakulilia kwa namna usiyoijua. Nitajibu yote mawili maana yamefungana.

Niseme mapema, mie sio sheikh wala mufti. Nimelelewa Kisuni kama wewe, na kazi yangu miaka yote imekuwa kuangalia watu wanavyoomboleza, wa dini zote, pwani na bara. Kwa hiyo ukitaka kujua kipi halali kipi haramu muulize sheikh wako. Mimi nakuambia tu kile kitu ni nini na kinafanyaje kazi.

Tukio lenyewe ni la mwezi 10 Muharram mwaka 61 Hijria, yaani Oktoba 680. Huseni mwana wa Ali, mjukuu wa Mtume, alikataa kumpa baia, yaani kiapo cha utii, Yazid bin Muawiya aliyekuwa khalifa, akatoka Makka kuelekea mji wa Kufa ambako watu walimwandikia barua aje, njiani akazuiwa na jeshi, akapiga kambi Karbala, Iraq ya leo. Maji ya mto Furati yakazibwa siku tatu. Siku ya kumi akauawa yeye na wenzake wanaotajwa kuwa 72, ndugu yake Abbas aliyekwenda kufuata maji, kijana wake Ali Akbar, na yule mchanga wa miezi sita ambaye mjukuu wako kakusimulia. Wanawake na watoto wakachukuliwa mateka mpaka mji wa Kufa, halafu Damascus kwa Yazid. Haya mama hayako kwa Washia peke yao, wanahistoria wa Kisuni wameandika habari ya Karbala kwa kirefu, na hadithi ya Hasan na Huseni kuwa mabwana wa vijana wa peponi iko kwenye vitabu vyetu sisi. Hata huku kwetu pwani upo utenzi wa zamani wa Kiswahili unaomsimulia Seyyidna Huseni, na waliokuwa wakiusikiliza wala hawakuwa Washia.

Kwa hiyo lile la kwamba wanafundishwa kutuchukia "sisi", tulitazame taratibu. Yazid sio wetu. Wakati ule hapakuwa na Msuni na Mshia kwa maana tunayoijua leo, hayo majina na kambi zake vimejengeka baadaye polepole. Mtoto anayefundishwa kumchukia Yazid hajafundishwa kumchukia bibi yake. Ila sitakudanganya, wapo wahubiri wa Kishia ambao wakishapanda mimbari wanatoka Karbala wanaanza kuwasema masahaba ambao sisi tunawaheshimu, na wapo wahubiri wa Kisuni ambao nao Muharram ikiingia wanawakufurisha Washia kutwa kwenye vipaza sauti. Pande zote mbili zina watu wa aina hiyo. Kwa hiyo swali la kumuuliza mkwe wako ni nani anasoma kwenye ile majlisi na huwa anasema nini, kwani Ushia peke yake haukupi jibu hapo.

Visu. Wapo wanaojipiga kwa panga kichwani au kwa minyororo yenye vyembe mgongoni, hasa baadhi ya sehemu za Pakistan, India, Iraq na Lebanon, na picha zao ndo zinazozunguka kwenye simu kila mwaka kwa sababu damu inavutia macho. Lakini ni wachache, na wenyewe kwa wenyewe wamegombana kuhusu hilo kwa muda mrefu. Miaka ya 1920 mwanachuoni wa Kishia aliyekuwa akiishi Damascus, Muhsin al-Amin, aliandika kuipinga kabisa akatukanwa na Washia wenzake, na mwaka 1994 Khamenei wa Iran akaikataza, ingawa wapo wanavyuoni wengine mpaka leo wanairuhusu. Walio wengi, na huku kwetu ndo utakachokiona, wanajipiga kifua kwa kiganja, hiyo ndo inaitwa matam. Siku hizi jamaat nyingi, yaani jumuiya zao, zinaalika watu wa damu salama, anayetaka kumwaga damu kwa ajili ya Huseni anakwenda kulala kwenye kitanda anatolewa chupa moja anapewa soda.

La kufunga ni fupi. Sisi tunafunga tisa na kumi kwa hadithi ya Musa kuokolewa kutoka kwa Firauni, wao hiyo siku ni ya msiba kwa sababu ya Karbala, na hadithi za funga hiyo hawazichukui kama tunavyozichukua sisi. Tarehe moja, kumbukumbu mbili. Hakuna anayefanya makusudi kumuudhi mwenzake.

Sasa nikuingize ndani ya majlisi yenyewe maana naona hapo ndo penye shida yako.

Mara ya kwanza nilipoingia upande wa wanawake nilikaa nyuma karibu na mlango, nguo nyeusi ya kuazima. Mama aliyekaa pembeni yangu alikuwa ananong'ona na mwenzake habari za ada ya shule na gesi kupanda bei, mtoto wake kalala miguuni. Ikasomwa Qurani, zikaimbwa beti za kuomboleza taratibu, kisha msomaji akapanda mimbari akaongea kama nusu saa nzima kuhusu subira, mambo ya kawaida tu, watu wanasikiliza, wengine wanasinzia. Halafu katikati ya sentensi akageuza. Sauti ikashuka, akasema kitu kama "na subira hiyo ndo aliyokuwa nayo mama mmoja aliyekuwa na bilauri tupu mkononi", na hapo hapo ukumbi mzima ukajua tumefika wapi. Hakutaja hata jina. Taa zikapunguzwa. Yule mama wa ada ya shule nilimwona anafunika uso kwa mtandio na mabega yanatikisika, analia kilio cha kweli. Baadaye wakasimama, ikaimbwa noha, nyimbo za maombolezo, vifua vikawa vinapigwa kwa mpigo mmoja mpaka unausikia mbavuni mwako hata kama hujainua mkono. Ikasomwa ziara, yaani salamu kwa Huseni, wamegeukia upande wa Karbala. Na dakika kumi tu baadaye tuko nje tunagawiwa biriani na sharubati, na mama yule yule ananiambia usiondoke bila kuchukua na ya watoto.

Niliudhika siku ile, nisikufiche. Nikasema hawa wanaigiza. Imenichukua miaka kuona kwamba nilikuwa mjinga, na nilikuwa mjinga kwa sababu nilisahau misiba yetu wenyewe. Mama, wewe umekaa kwenye misiba mingapi? Unajua wanawake wamekaa kwenye mkeka, wanachambua mchele, wanacheka hata, halafu basi la kutoka mbali linafika, anashuka shangazi wa marehemu ambaye hakuwahi maziko, anapiga ukelele wa kwanza getini, na nyumba nzima inapokea kilio upya, hata yule jirani ambaye marehemu alikuwa akimdai. Hivi kile kilio ni cha uongo? Hapana, kinaitwa. Kina wakati wake na mlango wake na mtu wa kukifungua. Watu wanalia kwa marehemu na kila mmoja analia na wake pia, yule aliyezika mwanae mwaka juzi akisikia habari ya mtoto wa miezi sita unadhani anamlilia nani? Wote wawili. Majlisi ni hiyo hiyo, tofauti yake shangazi anashuka kwenye basi kila mwaka na haachi kuja.

Na hata kalenda yake utaitambua. Siku arobaini baada ya Ashura, ile siku ya kumi, 20 Safar, wanafanya Arubaini ya Huseni. Sisi pwani tunafanya arobaini ya marehemu wetu miaka na miaka (najua wapo vijana wa siku hizi wanaosema ni bidaa, hayo niyaache). Wao arobaini moja wameirudia zaidi ya mara elfu.

Faida yake sasa, maana hilo ndo uliuliza. Angalia hivi. Walioshindwa vita kawaida hawaandiki historia. Baada ya Karbala mwenye jeshi, hazina na mimbari za ijumaa alikuwa Yazid. Upande wa pili wamebaki wanawake mateka na kijana mmoja mgonjwa, mwana mwingine wa Huseni naye jina lake Ali. Walichokuwa nacho ni mdomo. Zainabu dada yake Huseni alisimama mbele ya Yazid mwenyewe Damascus akasema, na Washia wanamhesabu yeye kuwa ndo aliyeanzisha majlisi, yaani shahidi aliyeona anasimulia na wenye kusikia wanalia, wakitoka wanasimulia wengine. Machozi yanafanya kazi ya muhuri. Tarehe na majina mtoto wa shule anayasahau baada ya mtihani, lakini kitu ulichokililia ukiwa na miaka saba umekaa pajani kwa mama yako huwezi kukisahau hata ukitaka. Mjukuu wako amekusimulia habari ya mwaka 680 bila kukosea. Je, anakumbuka alichosoma darasani mwezi uliopita?

Kwa muda mrefu ilifanyika majumbani, kwa kificho mara nyingi. Mwaka 963 Baghdad, watawala wa Kibuwayhi ambao walikuwa na mwelekeo wa Kishia wakaamuru maduka yafungwe siku ya Ashura na watu waomboleze barabarani, ikawa jambo la hadharani. Wasafawi, ukoo wa wafalme, wakaifanya ya taifa zima Iran kuanzia 1501. Ilipofika India ikavaa sari, yaani hivyo hivyo. Washairi wa Lucknow wa karne ya 19, Mir Anis na wenzake, waliwaandika watu wa Karbala wakiongea na kuagana kama familia ya Lucknow, na Qasim, mpwa wa Huseni, akafanyiwa mpaka hina ya arusi ya Kihindi usiku wa kuamkia kifo chake. Wanavyuoni wengi wa Kishia wenyewe wanasema arusi hiyo haikuwepo. Lakini mama wa Kihindi aliielewa hina kuliko alivyoelewa mto Furati. Kule Trinidad, kisiwa cha Karibi, kwa vibarua wa Kihindi waliopelekwa kwenye mashamba ya miwa, ile ile Muharram ikawa hata sio ya Washia tena, Wahindu wakatembea humo humo, na mwaka 1884 polisi wa mkoloni wakawapiga risasi kwenye msafara wao.

Huku kwetu ililetwa sana na Makhoja, Waislamu wa Kihindi kutoka Kutch na Kathiawar, karne ya 19, wakafikia Unguja, na Waarabu wa Bahrain nao wakaja na yao. Ukipita Mji Mkongwe kuna jumba linaitwa Matemni, sikiliza hilo neno, ni matam la Kiarabu likapigwa "-ni" yetu ya mahali, kama shambani, kama kisimani. Neno likishapata hiyo "-ni" hilo limeshazaliwa hapa.

Na mtu akitaka kujua kumbukumbu hii inakaa wapi aangalie Iraq. Saddam na chama chake waliibana na kuizuia miaka mingi ile safari ya miguu ya Najaf mpaka Karbala wakati wa Arubaini, kilomita kama 80, na mwaka 1977 watu waliolazimisha kutembea walikamatwa na wengine wakauawa. Aprili 2003 akaanguka. Arubaini ya mwaka ule ikaingia wiki mbili baadaye, hakuna serikali, hakuna maandalizi, na watu kwa mamia ya maelfu wakaingia barabarani wanatembea kana kwamba wameacha jana. Kumbe wazee walikuwa wakisimulia ndani, na wengine walikuwa wakipita mashambani usiku. Siku hizi wanakwenda mamilioni, na njia nzima watu wasiowajua wanawapa chakula, wanawasugua miguu, bure.

Turudi kwa mkwe wako, Mdigo. Yeye hana babu aliyetoka Kutch wala Bahrain. Wenzake wengi waliingia kupitia Bilal Muslim Mission iliyoanzishwa 1964 ili kufikisha Ushia kwa Waafrika kwa Kiswahili, shule, vitabu, madrasa. Sasa mtu kama huyo ukoo wa Kishia anaupata wapi? Anaupata pale kwenye kilio. Khoja anaweza kusema babu yangu alikuwa Mshia, mkwe wako hawezi, lakini usiku wa kumkumbuka Abbas wote wawili wanalia mahali pamoja kwa mtu mmoja, na kwa muda ule ni ndugu wa msiba. Hiyo ndo nguvu yake. Na udhaifu wake niuseme pia, nimekaa kwenye majlisi zinazosomwa Kiurdu mwanzo mwisho na Waafrika wamejaa safu za nyuma hawaelewi neno, wanasubiri wenzao walie ndo wajue imefika, kisha chakula kinaliwa makundi makundi. Hapo kilio hicho hicho kinachounganisha kinakuwa ukuta. Ndo maana utaona majlisi nyingi za Kiswahili zimeanzishwa pembeni, na huko ndiko mjukuu wako anakopelekwa nadhani, kama ameelewa kila kitu.

Umzuie? Mimi naona usimzuie, na sio kwa sababu ya siasa za ndani ya ndoa ya watu, ingawa hizo nazo zipo. Ukimzuia utakuwa umemwambia kwamba kitu anachokipenda baba yake ni kibaya na bibi hakitaki, na mtoto wa miaka saba hawezi kubeba hiyo. Kunyamaza pia sikushauri, maana alikuja kwako na habari, alikuwa anataka kujua utasema nini. Nilichoona kinafaa kwa familia za mchanganyiko kama yenu ni bibi kuingia ndani ya hadithi na kumsaidia mtoto kuibeba. Mwambie ndio, ilitokea, hata sisi tunajua, hata mimi inaniuma. Mtume mwenyewe alimlilia mwanawe Ibrahim, jicho likatoa machozi, hiyo ni ya kwetu, iko katika Bukhari. Mwambie pia kwamba sisi tumefundishwa kulia bila kujipiga mashavu na kurarua nguo, na ndo maana bibi hapigi kifua, na baba yako ana sababu zake. Mtoto anaweza kuishi na hilo vizuri tu kuliko tunavyodhani, watu wazima ndo hatuwezi.

Kisha zungumza na mkwe wako, kwa faragha, sio mbele ya mkewe. Usianze na dini, anza na maji. Mwambie mtoto alikataa kunywa maji usiku. Baba yeyote atasikia hilo. Muombe ile sehemu ya mwisho ya mauaji, mtoto akae naye pembeni au atolewe nje, jamaat nyingine zina majlisi za watoto zenye kusimulia bila mshale wa shingo. Na muombe ahadi moja ya wazi, mtoto asiguse wala asisogezwe kwenye kitu chochote chenye chembe au damu, hata kwa utani.

Kulia usiku mmoja mbili sio ugonjwa. Lakini kama Muharram imepita na bado anaota ndoto mbaya wiki mbili tatu, anakojoa kitandani wakati alishaacha, anakataa maji au chakula, anaogopa kuachwa peke yake, au anachora mishale tu kila akipewa karatasi, hapo msikae mkijadiliana madhehebu, mpelekeni kwa daktari wa watoto aseme kama anahitaji mshauri wa saikolojia, na muende wote, wazazi na wewe. Na akija siku moja na maneno ya chuki kuhusu watu wako, mwambie mkwe wako siku hiyo hiyo, na yeye aende kwa mwalimu wa madrasa amuulize ana kwa ana.

Jingine mama, kama utakuwa Dar Muharram ijayo, waambie wakuchukue nawe usiku mmoja. Kwenda kusikiliza hakukutoi kwenye Usuni wako. Nguo yoyote ya heshima inatosha, nyeusi kama unayo, uwahi kwa sababu upande wa wanawake hujaa na wazee wanagombea viti vya ukutani. Kaa na mjukuu wako pajani. Akikuuliza, maana atakuuliza, bibi kwani hapakuwa na hata mtu mmoja wa kuwapa maji, mwambie habari ya Hurr. Huyu ndiye kamanda aliyewazuia njiani, askari wa upande ule, na Huseni alipokutana naye mara ya kwanza akakuta jeshi lake lina kiu akawanywesha maji wao na farasi wao. Asubuhi ya Ashura Hurr akawa anatetemeka juu ya farasi, mwenzake akamuuliza unaogopa vita wewe? Akasema najiona nachagua kati ya pepo na moto. Akapiga farasi akavuka kwa Huseni.

Wakigawa biriani, kula, usije ukasema umeshiba.